Kutoka Kilindini hadi Kwenye Barafu: Mwongozo kwa Anayetaka Kuchunguza Barafuto za Ncha za Dunia

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi au mtafiti kijana wa Mombasa anayetaka kushiriki katika safari ya kisayansi ya kuchunguza barafuto, yaani ile mito mipana ya barafu inayotambaa polepole kutoka nyanda za juu za Antaktiki na Greenland kuelekea baharini. Wapo watakaouliza mtu wa Pwani ana haja gani na barafu hiyo. Haja anayo, tena kubwa. Barafu yote ya Antaktiki ikiyeyuka itainua usawa wa bahari kwa takriban mita 58, na ile ya Greenland kwa takriban mita 7. Hakuna anayetarajia yote iishe katika umri wetu, lakini sehemu ndogo tu ya kiasi hicho yatosha kubadili maisha ya mji uliojengwa kisiwani. Isitoshe, maji hayo hayagawanyiki sawasawa duniani. Ngao kubwa ya barafu, yaani lile tandiko nene linalofunika nchi kavu, ina uzito mwingi kiasi cha kuyavuta maji ya bahari upande wake. Barafu inapopungua, mvutano huo nao hulegea, na hapo maji yaliyo karibu na barafu hushuka ilhali yale ya mbali hupanda kupita wastani. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, mbali na ncha zote mbili, kwa hiyo hupokea zaidi ya fungu la wastani kutoka kaskazini na kutoka kusini pia.

Hatua ya kwanza: andika swali lako kabla ya kutafuta safari

Wengi huanza kwa kuulizia makoti, tiketi na ufadhili. Hayo yana wakati wake. Safari ya kisayansi hupangwa kuzunguka swali, na kiongozi wake huchagua watu kwa kuangalia kipimo ambacho kila mmoja anaweza kukichukua na kukieleza. Kwa hiyo kaa chini uandike, katika ukurasa mmoja tu, ni jambo gani unalotaka kulijua na kwa nini halijajulikana vya kutosha.

Swali ndilo linaloamua mahali, msimu na vifaa. Anayetaka kujua hewa ya dunia ilikuwaje zamani za kale huenda katikati ya bara la Antaktiki, mahali ambapo barafu ni nene na haijavurugwa. Katika eneo la Dome C, mradi wa Ulaya uitwao EPICA ulichimba kati ya 1996 na 2004 hadi kina cha takriban mita 3,270 na kupata barafu ya miaka 800,000; mradi uliofuata, karibu na hapo, ulifika kina cha mita 2,800 Januari 2025 na kuleta juu barafu ya zaidi ya miaka milioni 1.2. Anayetaka kujua bahari inazilaje barafuto kwa chini huenda penginepo kabisa, kwa mfano kwenye Thwaites, barafuto ya Antaktiki Magharibi yenye upana wa kilomita 120 hivi, ambayo wanasayansi wa Marekani na Uingereza waliianzishia mpango wa pamoja mwaka 2018. Naye anayetaka kujua ni theluji kiasi gani inayoanguka na kubaki anaweza kufanya kazi nzuri sana kwenye barafuto ndogo ya Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini, kwa kutumia koleo, mizani na daftari.

Kwa maoni yangu, swali linalomfaa zaidi mtu wa Mombasa ni lile linaloiunganisha barafu na bahari, kwa sababu upande mmoja wa jibu lake unapimwa hapa kwetu.

Hatua ya pili: ijue barafu kwa data ukiwa nyumbani

Leo mtu aliyeko Kisauni mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti anaweza kuzipata takwimu zilezile anazotumia profesa wa Ulaya. Picha za setilaiti za Landsat zimekuwa bure tangu 2008, na zile za Sentinel za Ulaya hutolewa bure pia. Setilaiti pacha za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002, na zile zilizozirithi mwaka 2018, hupima mabadiliko ya mvutano wa dunia na hivyo kutuonyesha uzito wa barafu unaopotea. ICESat-2, iliyorushwa mwaka 2018, hupima kimo cha uso wa barafu kwa miale ya leza. Jifunze programu ya ramani ya QGIS, ambayo hailipiwi, na lugha ya kompyuta ya Python, nayo hivyo hivyo.

Zoezi la kwanza ninalolipendekeza halihusu ncha za dunia. Chukua barafuto ya Lewis iliyoko Mlima Kenya. Ramani yake nzuri ilichorwa mwaka 1934, na vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba kufikia 2010 ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Pakua picha za miaka mbalimbali zilizopigwa mwezi mmoja usio na mawingu mengi, chora mpaka wa barafu kwa mkono katika kila picha, kisha kokotoa eneo. Utagundua mapema tatizo ambalo kila mtafiti wa barafuto hukutana nalo: theluji mpya iliyoanguka usiku huufunika mpaka, na asiye mwangalifu huandika kwamba barafu imeongezeka. Rudia kazi hiyo kwa picha nyingine za mwaka uleule, uandike tofauti kati ya majibu yako. Tofauti hiyo ndiyo kiwango cha mashaka ya kipimo chako, na kipimo kisichotajiwa kiwango chake cha mashaka hakikubaliki popote.

Zoezi la pili linahusu Kilindini. Bandari yetu ina kipimamaji kilicho katika mtandao wa kimataifa wa kupima usawa wa bahari, na takwimu zake za tangu miaka ya 1980 zinapatikana kwa yeyote. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa yaweza kufikia takriban mita 4, ilhali setilaiti zilizoanza kupima bahari mwaka 1993 zimeonyesha kupanda kwa wastani wa zaidi ya milimita 3 tu kwa mwaka. Huwezi kuiona milimita hiyo kwa kusimama ufukweni. Chukua usomaji wa kila saa, utafute wastani wa mwezi ili bamvua na maji mafu yafutane, kisha wastani wa mwaka ili majira ya kusi na kaskazi nayo yasikupotoshe. Baada ya hapo tazama mapengo: miezi ambayo kipimo kilisimama, au siku ambazo usomaji uliruka ghafla bila sababu. Kumbuka pia kwamba ardhi yenyewe inaweza kupanda au kushuka, na kipimamaji kilichofungwa gatini hakiwezi peke yake kukuambia ni kipi kilichosogea. Aliyelimaliza zoezi hili kwa uaminifu ana jambo la kumwonyesha kiongozi wa safari.

Hatua ya tatu: zoeza mikono yako kupima barafu hapa hapa Mombasa

Nenda kwenye kiwanda cha barafu kinachowauzia wavuvi, ununue bonge moja. Litazame kabla halijaanza kutoka maji. Pembeni ni angavu kama kioo, na katikati ni jeupe, kwa sababu maji yalipoganda kutoka nje kuelekea ndani, hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake ilisukumwa katikati ikanaswa humo kwa viputo vidogo. Kata kwa msumeno kipande cha upande mmoja wa sentimita 10 kutoka sehemu angavu, na kingine cha ukubwa huohuo kutoka sehemu nyeupe. Pima pande zote kwa rula, weka kila kipande kwenye mizani ya jikoni upesi, kisha gawanya uzito kwa ujazo. Barafu safi isiyo na hewa ina msongamano wa kilo 917 kwa mita ya ujazo. Kipande cheupe kitakuwa chepesi kidogo. Fanya hivyo mara kadhaa mpaka majibu yako yakaribiane. Joto la Mombasa litakuharakisha, na hilo ni zuri, kwani kwenye upepo mkali wa Antaktiki utaharakishwa vilevile, ila kwa sababu nyingine.

Viputo hivyo vina maana kubwa. Kwenye ngao za barafu, theluji hulundikana mwaka baada ya mwaka, hushindiliwa na uzito wa ile iliyo juu yake, na hatimaye hewa iliyomo katikati ya chembe zake hufungiwa isiweze kutoka. Ndiyo maana maabara inaweza kukipasua kipande cha barafu kongwe na kupima hewa ya ukaa ya zama ambazo hakuna binadamu aliyeziandikia chochote. Maji yenyewe nayo hutoa habari: mwanasayansi wa Denmark, Willi Dansgaard, alionyesha kwamba uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi katika theluji hufuata baridi ya wakati ilipoanguka.

Fanya na jaribio la pili kwa bonge lililobaki. Chukua beseni mbili zenye maji. Katika moja, acha kipande cha barafu kielee. Katika nyingine, weka jiwe kubwa linalojitokeza juu ya maji na kipande cha barafu juu ya jiwe hilo. Weka alama ya kimo cha maji katika kila beseni, usubiri barafu iyeyuke. Beseni ya kwanza haitabadilika kwa kiasi cha kuonekana, ya pili itapanda. Hiyo ndiyo sababu watafiti huitofautisha kwa makini barafu inayoelea na ile iliyokalia ardhi. Hata hivyo usikimbilie kusema kwamba barafu inayoelea haina neno. Mwaka 2002 tambarare ya barafu iliyoelea iitwayo Larsen B, kwenye rasi ya Antaktiki, ilivunjika, na takriban kilomita za mraba 3,250 zikasambaratika kwa muda mfupi. Barafuto zilizokuwa nyuma yake, zilizokuwa zimezuiwa nayo, zikaanza kwenda kasi baharini.

Hatua ya nne: chagua mlango wa kuingilia

Hakuna safari ya ncha za dunia inayopokea mtu kutoka barabarani. Karibu zote hupitia vyuo vikuu na taasisi za utafiti, kwa hiyo mlango wako wa kwanza ni masomo. Ukiwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, chagua fizikia, hisabati, sayansi ya mazingira, uhandisi au sayansi ya bahari. Jina la shahada lina uzito mdogo kuliko wengi wanavyodhani, na hisabati ina uzito zaidi kuliko wengi wanavyopenda. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, makao yake yako hapa hapa Mombasa, na anayepata nafasi ya mafunzo kazini humo hujifunza kazi ya kisayansi kwenye chombo cha majini, ambayo ndiyo kazi ya nusu ya safari za Antaktiki.

Kwa Mwafrika, mlango ulio karibu zaidi ni Afrika Kusini, nchi pekee ya bara letu iliyokuwa miongoni mwa 12 zilizotia saini Mkataba wa Antaktiki mwaka 1959. Nchi hiyo ina kituo cha SANAE IV, kilichojengwa juu ya mwamba unaochomoza kwenye barafu, na meli ya utafiti iitwayo S.A. Agulhas II, inayotia nanga Cape Town. Njia ya kawaida kwa asiye raia wake ni kujiunga na chuo kikuu cha huko kwa shahada ya uzamili chini ya msimamizi ambaye tayari ana mradi kusini. Upande wa kaskazini, mji wa Longyearbyen katika Svalbard, takriban nyuzi 78 kaskazini, una kituo cha chuo kikuu kiitwacho UNIS, kilichoanzishwa mwaka 1993, ambako wanafunzi husoma barafuto na kwenda kuzipima katika muhula huohuo. Huko Alaska upo mpango wa Juneau Icefield, unaowapitisha wanafunzi kwenye barafu tangu miaka ya 1940. Jiunge pia na APECS, jumuiya ya watafiti chipukizi wa ncha za dunia. Uanachama wake ni bure, na matangazo ya nafasi hupitia humo kwa wingi. Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia umepangwa kufanyika 2032 na 2033, na anayeanza masomo sasa atakuwa tayari wakati huo.

Barua kwa msimamizi ndiyo sehemu ambayo vijana wengi wenye uwezo huipoteza nafasi yao. Usimwandikie kwamba unapenda barafu tangu utotoni. Mwandikie kwamba umeusoma utafiti wake fulani, kwamba kuna jambo moja ndani yake ambalo hukulielewa au ungependa kuliendeleza, na umwambatanishie mchoro mmoja ulioutengeneza wewe mwenyewe, ule wa Lewis au ule wa Kilindini, pamoja na maelezo ya mashaka yake. Aya tatu zatosha. Asipojibu, mwandikie tena baada ya wiki kadhaa kwa adabu, kisha umwandikie mwingine.

Ipo pia njia ya meli. Chuo cha Bandari Maritime Academy hapa Mombasa hutoa mafunzo ya usalama wa mabaharia, na mtafiti mwenye cheti hicho, anayejua kufunga fundo, kushusha kifaa majini na kutosumbuliwa na mawimbi, anahitajika sana kwenye meli zinazopima maji mbele ya barafuto. Watoto wa Pwani wasiidharau njia hii.

Hatua ya tano: andaa mwili, mavazi na desturi zako

Mombasa haijawahi kukufundisha baridi, na si kosa lako. Barafu iliyo karibu nasi ni ile iliyosalia Mlima Kenya: panda treni hadi Nairobi, uendelee kwa gari hadi Nanyuki, upande kwa siku za kutosha ukiwa na mwongozaji, kwani mtu wa usawa wa bahari akipanda haraka hupatwa na ugonjwa wa kimo. Karibu na kibanda cha Austrian Hut, katika kimo cha karibu mita 4,800, utaweza kukaa usiku kwenye baridi ya kweli na kujifunza namna mwili wako unavyoitikia.

Taasisi nyingi huwapa wasafiri wao mavazi, kwa hiyo usitumie akiba yako kununua makoti. La kujifunza ni utaratibu wa tabaka: nguo ya sufu mwilini, nguo nene ya kutunza joto juu yake, na ganda jepesi la kuzuia upepo kwa nje. Pamba iache nyumbani. Hunywa jasho, hukaa na unyevu, na unyevu huo hukunyang'anya joto pindi unapoacha kufanya kazi. Vua tabaka moja kabla hujatoka jasho, wala usingoje litoke. Miwani ya giza ni ya lazima hata siku ya mawingu, maana theluji huurudisha mwanga wa jua machoni na kuyaunguza.

Vidole ndivyo huumia kwanza. Mwaka 1930, katika safari ya Mjerumani Alfred Wegener huko Greenland, mwenzake Fritz Loewe alifika kituo cha Eismitte katikati ya ngao ya barafu akiwa na miguu iliyogandishwa na baridi, na wenzake, bila daktari wala vifaa, wakalazimika kumkata vidole vya miguu. Wegener mwenyewe alifariki akiwa njiani kurudi pwani, Novemba mwaka huohuo. Kaguaneni nyuso na vidole kila mara. Doa jeupe lisilo na hisia lipashwe joto la mwili mara moja, wala lisisuguliwe kwa theluji.

Hatari iliyo kubwa zaidi kwenye barafuto ni nyufa zilizofunikwa na daraja jembamba la theluji. Tarehe 14 Desemba 1912, Belgrave Ninnis, mmoja wa watu wawili waliokuwa wakisafiri na mvumbuzi Douglas Mawson huko Antaktiki, alitumbukia katika ufa pamoja na mbwa bora, hema na sehemu kubwa ya chakula. Mwenzao Xavier Mertz akafariki wiki chache baadaye, na Mawson akarudi peke yake. Leo hakuna kiongozi anayemruhusu mtu kutembea kwenye eneo la nyufa bila kamba, na mizigo ya lazima hugawanywa kati ya sleji zote. Utafundishwa kuvaa mkanda wa kiunoni na mapajani, kutumia shoka la barafu, viatu vyenye miiba ya chuma, na namna ya kumtoa mwenzako shimoni kwa kamba. Fanya zoezi hilo la kumwokoa mwenzako mara nyingi hadi mikono yako iweze kulifanya ukiwa umechoka na umevaa glavu. Svalbard nako kuna dubu weupe, na anayetoka nje ya makazi lazima awe na njia ya kuwafukuza. Mafunzo ya hilo hutolewa huko.

Kwa Mwislamu, na Mombasa tuko wengi, kuna jambo ambalo vitabu vya safari hulisahau. Wakati wa kiangazi cha ncha za dunia jua halitui kwa majuma mengi, kwa hiyo nyakati za sala na za kufunga haziwezi kufuata jua kama tulivyozoea. Muulize sheikh wako mapema, uondoke na utaratibu ulioandikwa. Mjulishe mpishi wa kituo kuhusu chakula cha halali miezi kadhaa kabla, kwa kuwa chakula cha vituo vingi hupelekwa na meli mara moja kwa mwaka. Kazi ngumu kwenye baridi hudai chakula kingi, na anayekula kidogo kwa kuona haya kuuliza huishiwa nguvu kabla ya wenzake.

Hatua ya sita: karatasi na vibali

Hapa ni kwa ufupi. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen. Iwe na muda wa kutosha baada ya tarehe ya kurudi. Tangu 2023 Mkenya haombi viza kwa ziara fupi ya Afrika Kusini. Svalbard yenyewe haidai viza, lakini kwa kawaida hufikiwa kwa kupitia Norway bara, hivyo utahitaji viza ya Schengen ya kuingia mara mbili. Kila kazi ya Antaktiki hutathminiwa athari zake kwa mazingira kabla ya kuruhusiwa, chini ya Itifaki ya Madrid ya 1991. Mwombaji ni taasisi yako, lakini soma kibali hicho mwenyewe ili ujue unachoruhusiwa kuchukua na kuacha. Uchunguzi wa afya ni mkali, meno yakiwemo, kwa sababu jino likiuma katikati ya bara hilo hakuna pa kukimbilia.

Hatua ya saba: kazi yenyewe kwenye barafu

Msimu wa kazi Antaktiki ni Novemba hadi Februari, wakati kaskazi inavuma kwetu. Greenland na Svalbard, theluji hupimwa Aprili na Mei kabla haijaanza kuyeyuka, na hasara ya kiangazi hupimwa Agosti au Septemba.

Kazi ya msingi kuliko zote ni mizania ya barafu: theluji inayoanguka ni mapato, inayoyeyuka au kumeguka baharini ni matumizi, na tofauti yake hutuambia barafuto inanenepa au inakonda. Kwa upande wa matumizi, fito za mianzi au za alumini huchomekwa katika matundu yaliyochimbwa kwa keekee, mita kadhaa ndani ya barafu. Tuseme ulipousimika ufito, mita 2.00 zilikuwa nje. Uliporudi mwisho wa kiangazi, zikawa mita 3.20. Barafu iliyopotea ni mita 1.20. Zidisha kwa 0.9, kwa kuwa barafu ni nyepesi kuliko maji, upate mita 1.08 za maji. Ndiyo hesabu nzima. Ugumu wake ni kuifanya kwenye kila ufito, kila mwaka, bila kukosa. Kule Storglaciären, Sweden, kazi hii inaendelea tangu 1946, na ndiyo maana barafuto hiyo ndogo inatajwa duniani kote.

Kwa upande wa mapato huchimbwa shimo la theluji, na hapa ndipo mgeni hujulikana kama ni mwangalifu. Chagua mahali upande wa upepo unakotoka, mbali na kambi na moshi wa mitambo. Amua ukuta upi utakaopimwa, uwe ule usiopigwa na jua, na uzuie mtu yeyote asikanyage theluji iliyo juu yake. Chimba, kisha ukwangue ukuta huo uwe wima na laini. Chomeka kipimajoto kila baada ya sentimita 10. Pitisha brashi laini ukutani: matabaka magumu yatabaki yamejitokeza na yale dhaifu yatabonyea, na utaona ukanda mwembamba wa barafu angavu mahali ambapo siku moja ya joto iliyeyusha uso, kisha ukaganda tena. Sukuma kisanduku cha chuma chenye ujazo unaojulikana ndani ya kila tabaka, ukate theluji, upime uzito. Gramu 35 katika kisanduku cha sentimita za ujazo 100 ni kilo 350 kwa mita ya ujazo. Katika majira ya baridi ya 1930 hadi 1931, kule Eismitte, Ernst Sorge alichimba shimo la kina cha takriban mita 15 na kupima msongamano kwa njia ya aina hii, wakati wenzake wakiishi katika pango walilolichonga ndani ya theluji. Njia yake bado ndiyo tunayofundishana.

Andika kwa penseli, kwani wino huganda. Betri ziweke ndani ya koti, karibu na mwili, kwa sababu baridi huzimaliza nguvu. Soma kila namba kwa sauti, mwenzako aiandike na kuirudia kwa sauti, ndipo uendelee.

Unene wa barafu hupimwa kwa rada inayokokotwa kwa sleji. Mawimbi yake hupita ndani ya barafu kwa takriban mita 168 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 5 kama hizo, wimbi limesafiri mita 840 kwenda na kurudi, hivyo mwamba uko mita 420 chini yako. Kasi ya barafuto nayo hupatikana kwa vipokezi vya GPS vilivyofungwa juu ya fito na kuachwa vikisoma.

Hatua ya nane: hifadhi ya sampuli na data

Kila jioni, kabla ya kulala, piga picha kurasa za daftari, nakili data katika vifaa viwili vinavyowekwa katika mahema tofauti, na uandike jambo lolote lisilo la kawaida lililotokea siku hiyo, hata kama ni upepo uliotikisa mizani. Nguzo za barafu zilizotolewa kwa keekee hukatwa, huandikwa namba na mshale wa kuonyesha upande wa juu, hufungwa katika mifuko, na kusafirishwa katika baridi isiyokatika, kwa kawaida nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo. Nguzo iliyoyeyuka hata mara moja njiani imepoteza hewa yake, na iandikwe hivyo bila kufichwa.

Ukirudi, peleka data yako katika hifadhi ya wazi. Takwimu za mizania hupokelewa na kituo cha kimataifa cha ufuatiliaji wa barafuto kilichoko Zurich. Iandikie ripoti ya Kiswahili pia, uipeleke KMFRI, chuoni kwako, na kwa walimu wa sayansi na jiografia wa shule za Mombasa, ukiwa na ule mchoro wa Kilindini kando ya mchoro wa barafuto uliyoipima. Kisha mkabidhi kiongozi wa kundi litakalokufuata orodha ya fito zote ulizosimika: namba ya kila moja, mahali ilipo kwa GPS, urefu uliokuwa nje siku ya mwisho na tarehe yake, ili aanzie pale pale ulipoishia.